Kupe Ndani ya Ploti

Mowlem haina malisho. Kata hii ya Embakasi Magharibi, iliyobanwa kati ya Umoja, Kariobangi Kusini na Dandora, ina ghorofa zilizosimama bega kwa bega, vibanda, karakana za kuchomelea vyuma, na udongo mweusi unaogeuka tope mvua ikinyesha. Nyasi zilizobaki ni za kando ya barabara, kingo za mto, na viwanja ambavyo wenyewe bado wanatafuta pesa za kujenga. Hata hivyo mifugo imo. Mbuzi hupita wakichagua maganda ya ndizi na majani ya kabeji nyuma ya vibanda vya mama mboga. Nyuma ya mabati kuna ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, ambao jirani huwajua kwa harufu kabla ya kuwaona. Kuku hawahesabiki. Mbwa nao wako wa kila namna: wa mwenye ploti, wa bawabu, na wale wanaojitegemea.

Mtaje kupe mbele ya watu wa hapa, na wengi watakwambia hayo ni mambo ya ushago. Kupe ni wa ng'ombe wa nyanya, wa josho lililokauka kule nyumbani. Dhana hiyo ndiyo inayomfuga. Kupe wa Mowlem hazaliwi malishoni, huletwa. Huja na mzigo wa majani ya nepia, huja na mnyama aliyenunuliwa jana, huja na mbwa aliyezurura usiku, na akishafika hakosi mahali pa kujificha. Anayetaka kumdhibiti kwa kumnyunyizia mnyama dawa tu, akasahau mlango alioingilia na ufa anamolala, atanunua dawa mwaka mzima na kupe atabaki.

Wala jambo hili si geni kwa jiji. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Haikumaliza miaka 12 kabla ya kupata ugonjwa wake wa kupe. Mwaka 1910 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, wa maabara ya Kabete iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, alianza kuchunguza vifo vya kondoo na mbuzi katika eneo la Nairobi. Wanyama walipandwa na joto, wakaharisha maji ya kijani na baadaye damu, wakafa kwa wingi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1917: ugonjwa huo ulienezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, yule yule anayewaua ng'ombe kwa ndigana kali. Vitabu vya tiba ya mifugo hadi leo huuita ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa ambayo nchi hutakiwa kuyaripoti. Virusi vyake vimepatikana India, ambako vilipewa jina la Ganjam, na siku hizi hata katika kupe wa kaskazini-mashariki mwa Uchina. Jina la jiji letu limefika mbali kwa njia ambayo hakuna mtalii anayeambiwa.

Kinachoufanya ugonjwa huu uwe wa mjini hasa ni namna unavyochagua wa kuua. Kondoo wa Kiambu au Kabete, aliyezaliwa palipo na kupe, hunywa kinga katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kupe wenye virusi humuuma angali mdogo, kinga ya mama ikiwa bado mwilini, naye hujijengea yake. Mfugaji wake anaweza kuzeeka bila kuujua ugonjwa huu. Lakini mlete mbuzi au kondoo kutoka nchi kavu ya kaskazini, Marsabit au Isiolo, ambako sehemu nyingi kupe wa kahawia hawezi kuishi kwa ukame. Huyo hajawahi kuonana na virusi hivyo, wala mama yake. Kati ya kondoo wa namna hiyo, ugonjwa unaweza kuua 7 hadi 9 katika kila 10.

Sasa itazame Eastlands. Malori ya mbuzi wa kaskazini hushusha Kiamaiko, mwendo mfupi tu kutoka Mowlem, na wengi wa wanyama hao huchinjwa upesi, kwa hiyo kupe hana nafasi nao. Shida ni wachache wanaonunuliwa kufugwa: wa kunenepeshwa hadi Idd au Krismasi, wa mahari, wa kuanzisha mradi wa kikundi. Huingizwa katika zizi moja na mbuzi wa hapa, wakalishwa nyasi zilizokatwa pembezoni mwa jiji, na siku chache baadaye wanaanza kuhara. Mwenyewe husema wamebadilishiwa chakula, au wamekula plastiki. Pengine ni kweli, maana mbuzi wa Nairobi hula plastiki. Pengine ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo hufanana na ugonjwa huu sana kwa macho. Tofauti haionekani hadi sampuli ifike maabara, na mbuzi wa Mowlem akifa, kinachofuata mara nyingi ni sufuria, wala si maabara.

Dawa ya kutibu ugonjwa huo haipo, na chanjo haiuzwi dukani. Kilichobaki ni kumzuia kupe asimguse mgeni, na hapo ndipo inafaa kuelewa anavyoishi.

Kupe wa kahawia hula mara 3 tu katika maisha yake, kila mara kwa mnyama mwingine. Akianguliwa akiwa na miguu 6 humpanda wa kwanza, hunyonya siku kadhaa, huanguka chini, hujivua ngozi na kutoka na miguu 8. Hupanda wa pili, hushiba, huanguka tena, hugeuka mkubwa. Akimpanda wa tatu, jike hunyonya hadi afure, kisha hushuka kutaga mayai maelfu kadhaa na kufa. Ukijumlisha siku zote alizokuwa juu ya mnyama, hazifiki mwezi. Muda wote uliobaki, ambao unaweza kupita mwaka, yuko chini: penye shina la nyasi, takataka za zizi, au unyevunyevu wa ukingo wa mto. Virusi vya Nairobi vinaweza kubaki ndani ya kupe mkubwa asiyekula kwa zaidi ya miaka 2. Kwa hiyo mwenye mbuzi anayesema kupe wameisha kwa sababu hawaoni juu ya mbuzi amehesabu wale waliopanda tu.

Kwa ng'ombe hadithi inabadilika kidogo. Ndigana kali, ambayo Wazungu waliiita homa ya Pwani ya Mashariki baada ya ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki kuipeleka Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20, hutokana na kijidudu kinachoitwa Theileria parva. Hakipiti katika yai. Kupe hukichukua akiwa mchanga kwa mnyama mwenye vijidudu, na hukipeleka kwa mwingine baada ya kujivua ngozi. Jambo la kumfurahisha mfugaji ni kwamba kwa kawaida kijidudu hicho huhitaji siku 3 au 4 za kupe kunyonya kabla hakijakomaa katika mate yake na kuweza kuambukiza. Kupe aliyejishika jana na akaondolewa leo, mara nyingi hajaleta maafa. Ndiyo sababu palipo na kupe wengi wataalamu husisitiza kunyunyiza mara 2 kwa wiki, na palipo na wachache mara 1. Kunyunyiza wakati kupe wameshajaa kama maharagwe masikioni ni kufika mazishini.

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa Eastlands huamini wamesalimika kwa kuwa ng'ombe hatoki zizini. Wamepunguza hatari, hilo ni kweli. Lakini ng'ombe asiyeenda malishoni huletewa malisho. Nyasi zilizokatwa mahali ambapo ng'ombe wengine wamechunga hubeba kupe wachanga wakiwa wamening'inia ncha za majani, wakisubiri tu kitu chenye joto kipite. Boda boda huwafikisha hadi horini. Na ng'ombe aliyemo ni Friesian au Ayrshire, au chotara wao, kwa sababu ndiye mwenye maziwa, na ndiye ndigana humuua haraka kuliko zebu. Nepia iliyopandwa mahali ng'ombe hawaingii ni salama kuliko nyasi za bure za kando ya barabara, na ikiwezekana majani yaachwe yanyauke juani kabla ya kulishwa. Ni kazi ya ziada, na kwa mtu anayeamka saa 10 usiku kukamua, kila kazi ya ziada ina uzito wake. Matibabu ya ndigana nayo hugharimu fedha nyingi, na hufaa tu ikiwa dalili zimeonekana mapema: tezi chini ya sikio au mbele ya bega zimevimba, joto limepita nyuzi 40, maziwa yamekatika. Akishaanza kukohoa na kutoa povu puani, mara nyingi daktari anakuja kuandika historia.

Juu ya kunyunyiza kwenyewe kuna mengi yanayoharibika mikononi. Ng'ombe mkubwa huhitaji takriban lita 10 za dawa iliyochanganywa ili alowe kweli. Mitaani wengi hutumia 2 au 3, wakamlowesha mgongo na mbavu, mahali ambapo kupe hapapendi. Kupe wako ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kinena, kati ya miguu na kiwele, na ndani ya ule usinga wa mkia. Hapo pampu lazima iinamishwe na mkono uingie, ukiwa na glavu. Anayenyunyiza kinyume na mwelekeo wa manyoya huifikisha dawa ngozini. Mvua ikikaribia aahirishe.

Kuhusu dawa, nina ugomvi na kichupa cha soda. Katika baadhi ya maduka ya agrovet mteja asiye na pesa za chupa nzima hupimiwa kidogo katika kichupa kisicho na lebo. Nyumbani hakumbuki ni kiasi gani kwa lita ngapi, akazidisha maji ili idumu. Kupe dhaifu hufa, wale wenye kustahimili hubaki na kuzaa, na kizazi kinachofuata hucheka. Uganda magharibi imefika huko: kupe wanaostahimili dawa za aina zaidi ya moja wamewasumbua wafugaji wa maziwa kwa miaka mingi. Mwenye kuona dawa haishiki hukimbilia chupa yenye jina lingine, asijue kwamba ndani yake mna dawa ile ile. Cha kusoma ni maandishi madogo yanayotaja kiini. Amitrazi ni familia moja, saipamethrini na deltamethrini ni familia nyingine. Kubadilisha ni kuhama familia, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa lini. Lebo hiyo hiyo ndiyo inayosema maziwa yamwagwe kwa muda gani. Kichupa cha soda hakisemi, na kikiachwa dirishani mtoto atakiona ni soda.

Lakini kama ningeambiwa nichague mnyama mmoja anayeileta habari ya kupe sebuleni Mowlem, nisingemchagua ng'ombe wala mbuzi. Ni mbwa.

Kupe wa kahawia wa mbwa ni jamaa wa yule wa ng'ombe, ila tabia yake ilifaa ghorofa kabla ghorofa hazijajengwa. Milo yake yote 3 anaweza kuila kwa mbwa mmoja, na akianguka hatafuti nyasi. Anapanda ukuta. Jike aliyeshiba hutafuta ufa, pengo la fremu ya mlango, kona ya dari au nyuma ya kalenda, na humo hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Joto likiwa zuri, kizazi kizima hukamilika kwa miezi 2 hivi, na kupe mkubwa anaweza kukaa njaa zaidi ya mwaka. Mpangaji anayehamia chumba ambacho aliyekuwamo alifuga mbwa anaweza kukutana na wapangaji wengine waliomtangulia. Wengi hudhani ni kunguni, wakamwita mtu wa kufukiza, na pesa zikapotea. Kunguni hunyonya dakika chache usiku na kukimbia, na ana miguu 6. Kupe mkubwa ana 8, na hushika siku nzima nzima.

Mbwa wa getini, aliyefungwa mnyororo mchana kutwa mahali pamoja, ndiye shamba lao bora, kwa sababu wakianguka hawahitaji kumtafuta tena. Usimuonee kwa kumpaka oili chafu ya gari, kama wengine wanavyofanya. Inaunguza ngozi, naye huilamba ikamdhuru. Dawa ya ng'ombe kwa makisio nayo imewaua wengi. Zipo dawa za kumwaga mgongoni na vidonge vinavyomlinda mwezi mmoja hadi 3, ghali kiasi, ila bei yake ilinganishwe na mbwa mpya na kufukiza upya. Na mwenye paka wa kukamata panya awe macho: dawa za mbwa zenye pamethrini humuua paka. Kisha urudi kwenye ukuta. Magunia ya kulalia yachomwe, kibanda kioshwe kwa maji moto na kunyunyizwa, na nyufa zijazwe saruji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na kwa kupe huyu methali hiyo ina maana ya saruji hasa. Inafaa mwenye ploti aubebe mzigo huo, kwa maana mbwa ni wake na ukuta ni wake.

Anachokieneza kupe huyu kimewahi kuitikisa Nairobi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa mifugo wa jiji waliona mbwa wakitokwa na damu puani na kufa, wakauita kwa muda ugonjwa wa kutoka damu wa Nairobi bila kujua chanzo. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo mbwa wengi wa jeshi la Marekani walikufa vivyo hivyo katika vita vya Vietnam. Chanzo kikajulikana kuwa bakteria Ehrlichia canis, aliyekwisha kuelezwa Algeria mwaka 1935. Ubaya wake ni uvumilivu. Mbwa huugua kidogo, hupona, hula vizuri kwa miezi, huku damu yake ikipungua uwezo wa kuganda. Ukija kuona ufizi mweupe na madoadoa mekundu tumboni, umechelewa. Doksisaiklini huokoa wengi iwapo imeanza mapema na kutolewa kwa wiki 4 bila kukatishwa.

Doksisaiklini hiyo hiyo ndiyo tiba ya binadamu. Vitabu vina ugonjwa unaoitwa homa ya kupe ya Kenya, unaosababishwa na bakteria wa jamii ya rikettsia, na kupe wa mbwa ni mmoja wa wanaoueneza. Mtu huumwa kichwa, hupata homa na vipele, na pengine kidonda kidogo cheusi palipoumwa, mara nyingi kwenye nywele au kinena ambapo hajitazami. Kliniki zetu huanza na malaria na taifodi, na homa ya namna hii hupotea kati ya hizo mbili. Aliyepima malaria akakuta hana, na anaishi na mbwa au alikuwa kwenye nyasi wiki iliyopita, amwambie daktari hivyo bila kusubiri kuulizwa. Kumwondoa kupe ni kwa kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, osha na spiriti. Kiberiti, mafuta ya taa na kumponda kwa kucha humfanya atapike ndani yako, au akupasukie mkononi. Hilo la pili si dogo, kwani homa ya Kongo ya kutoka damu, ambayo Uganda imeshughulika nayo mara kwa mara tangu 2013, huambukizwa na kupe na pia kwa damu ya wanyama. Wachinjaji wana sababu kubwa zaidi ya kuvaa glavu kuliko wanavyokubali.

Nguruwe nitawapitia haraka. Montgomery yule yule ndiye aliyeieleza homa ya nguruwe ya Afrika, mwaka 1921, kutokana na vifo alivyoviona Kenya, na mwenyeji wake wa asili ni papasi, kupe laini wa mashimo ya ngiri. Kwa nguruwe wa kando ya jaa la Dandora, papasi si tatizo. Kinachowaua ni makombo yenye nyama isiyochemshwa, na nguruwe mgonjwa anayeuzwa upesi kabla hajafa. Chemsha makombo dakika 30, na kupe umwache porini.

Kuku wana kupe wao, hujificha katika mbao za banda mchana na kunyonya usiku. Banda la mbao kuukuu lipigwe moto kwa tochi ya gesi kwenye nyufa, kwa uangalifu.

Narudi kwa ng'ombe, kwa sababu kuna kinga ambayo mitaa ya jiji haijaipata sawasawa ingawa ilizaliwa mlangoni pake. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, walitengeneza chanjo ya ndigana kali kwa njia ya ajabu: humchoma ndama vijidudu hai vya aina 3 kutoka kwa kupe, na papo hapo sindano ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, ili ugonjwa uanze lakini usishinde. Kinga yake hudumu miaka, mara nyingi maisha yote. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliipokea kwa ari kuliko wafugaji wengi wa maziwa wa Kenya, na ndama aliyechanjwa huvalishwa hereni ya sikioni inayompandisha bei mnadani.

Tatizo la Mowlem ni hesabu. Chanjo hukaa katika naitrojeni ya maji, kwenye mirija midogo ambayo kila mmoja una dozi 30 hadi 40. Ukishafunguliwa, lazima itumike ndani ya saa chache. Mwenye ndama 1 nyuma ya mabati hawezi kuufungua peke yake, na daktari hawezi kumfungulia kwa hasara. Lakini ukijumlisha ndama wa Mowlem, Dandora, Kayole na Njiru, mrija utajaa. Kinachohitajika ni mtu wa ofisi ya mifugo ya kaunti kuandika majina, kikundi kukubaliana siku, na daktari kuzunguka asubuhi moja na mtungi wake. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 imeutambua ufugaji wa mjini, kwa hiyo hakuna wa kujificha tena na ndama wake.

Na pampu isiuzwe siku hiyo. Chanjo huzuia ndigana kali peke yake. Ndigana baridi na mkojo mwekundu bado huja na kupe wa boda boda, kwa hiyo Jumatano na Jumamosi ng'ombe ataendelea kuloweshwa, masikio kwanza.